Chini ya Benchi ya Tatu

Munanikusanyia watu niseme, miaka yote nikisema munaniita mukorofi! Sasa kifua kinakaza njo munataka maneno. Haya, sikilizeni, na wewe Séraphin, kifunguamimba wangu, direkteri wa masomo, shule yetu hii, weka simu chini. Najua kile munachongojea: kiwanja masomo ilipojengwa, nimuachie nani.

Wakimbizi wa Ntoto walipofika hapa Kirolirwe, Séraphin aligawa watoto: wetu asubuhi, wao mchana, kisha ya saa sita. "Mama, njo organisation," akaniambia. Mimi niliyesoma mwaka mmoja ningebisha nini? Lakini nilitaka kuona mpango ule utazaa nini, nikawa nachambulia maharagwe pale kwenye dirisha la masomo.

Ulizaa mawe. Watoto walipokutana kwenye maji walirushiana mawe, sababu hawakujuana hata majina. Kisha mujukuu wangu Uwamariya, aliyelia kila akiona hesabu ya kugawanya, akaanza kuzimaliza. Nikamuuliza, nani amekufundisha?

"Mutu wa mchana, Koko. Simujui."

Kumbe aliandika kwa chaki, chini ya benchi ya tatu, hesabu iliyomushinda. Mwenzake aliyekalia benchi ileile mchana akamuandikia njia. Nilicheka mupaka maharagwe yakamwagika.

Séraphin hakucheka. Mutu yule wa mchana alikuwa Plamedi, mutoto wa Emérita mukimbizi; akamufukuza, eti anachafua benchi. Uwamariya hakuguswa, lakini alikataa kurudi: "Nirudi kusoma na nani?" Plamedi akabeba makala ya kuuza, Uwamariya akakaa jikoni, na mimi nikajiuliza masomo ya namna gani inafukuza yule anayefundisha.

Wazazi walipokutana juu ya jambo lile, wakamutoza Séraphin faini ya mbuzi. Aliipeleka kwa Emérita mwenyewe, akaomba musamaha, watoto wakarudi, wakachanganywa. Munataka kujua nimeona nini? Bado wanatukanana, ila sasa kwa majina.

Nipeni maji... Shamba la viazi mugawane bila kwenda kwa chifu. Kwenye kaburi langu direkteri asisome hotuba. Mungu awalinde, awape watoto wanaouliza sana, hata wakiwachokesha...

Séraphin, sogea, pumzi inaisha. Ulifikiri mbuzi ilitosha? Kiwanja kile cha masomo, ulichotaka kujengea nyumba za kupangisha, nimekwisha kukipa komite ya wazazi. Rais wake ni Emérita. Hata kitunguu... ukitaka kupanda pale, utamuomba ruhusa.