Besi Isiyofika Ukumbini

Ndani ya basi la Chicago, mzee Cleotha alikumbatia gitaa lake la besi, akamkazia macho Alonzo, kiongozi wa bendi yao. "Fundi mitambo kaniambia. Tangu nipate kiharusi mwaka jana, mnanizimia spika za ukumbini, besi naisikia mimi tu jukwaani. Kweli?"

"Vidole vyako vinachelewa, kaka. Ulitaka nikufukuze?"

"Ungeniambia! Mwaka mzima najipigia peke yangu kama mwehu!" Mimi, abiria wa kiti cha nyuma yao, nilijifanya nasoma tangazo la meno bandia.

"Leo nisikike, Alonzo. Hata nikikosea."

"Leo kuna watu mia tatu, Cleotha."

"Ndio hao wanisikie."

Basi likasimama. Alonzo alishika mpini mmoja wa amplifaya ya besi iliyokuwa miguuni mwao, Cleotha akashika wa pili kwa mkono wake uliobaki mzima, wakashuka bila kutazamana.