Umefika Wapi Leo: Maisha ya Mama Yetu Yunisi Enoka Swila

Mchungaji, wazee, ndugu zetu mliotoka Ileje na ninyi mliovuka kutoka Nakonde, majirani, wafanyakazi wenzake mama, mimi ni Erica, mtoto wake wa pili, aliyepangwa kusoma ni kaka Kefa lakini sauti imemkauka tangu jana, kwa hiyo nitasoma mimi, naomba mnivumilie nikikimbia maana nina mtoto mgongoni na nina hofu, na hofu yenyewe nitaitaja nikifika mahali pake.

Mama alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961 katika kata ya Ikinga, wilaya ya Ileje, mtoto wa tatu wa mzee Enoka Swila na bibi Nesta, ambaye jina lake analo huyu niliyembeba. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na mwalimu alikuwa akimtuma yeye kuandika ubaoni, kwa sababu herufi zake zilisomeka mpaka dawati la mwisho.

Mwaka 1986 alikuja Tunduma kwa mjomba wake, wakati ule maduka yanafunguliwa kila kona na kila mwenye duka anataka jina lake lionekane hadi ng'ambo ya mpaka, Zambia, akajifunza kuandika mabango, na mwaka uliofuata akawa na brashi zake na ngazi yake, mwanamke peke yake juu ya ngazi, watu wakisimama kumtazama. Kwa mteja asiyejua kusoma alichora kiatu, kitana, mkate, akisema naye ana macho.

Tarehe 26 Desemba 1987 alifunga ndoa na baba yetu Osea Silwimba, fundi seremala, wakajaliwa watoto wanne, wawili walitangulia wakiwa wachanga, tukabaki Kefa wa mwaka 1989 na mimi wa 1993, baba naye alituacha mwaka 2006.

Wote mliomjua mnajua mama alikuwa mtu wa mashaka, hakuamini rangi mpaka ikauke, hakuamini mizani ya sokoni, na jirani yetu Mama Mwasiti, muuza vitenge, alikuwa akimtania, “Mama Kefa, wewe hata ukisalimiwa unataka ushahidi.” Mashaka hayo ndiyo yaliyomletea kazi ambayo leo baadhi yenu mnainong'onea hapa uwanjani.

Mabango ya plastiki yalipoanza kuchapwa mjini brashi zake zilikosa kazi, na mwaka 2008 kituo cha afya kilimwita kuandika matangazo ukutani, akiwa hapo akaona timu inayowatembelea wagonjwa wa saratani majumbani ikitumia karatasi ya kupimia maumivu yenye nyuso sita, wa kwanza unacheka, wa mwisho unatoa machozi, mgonjwa anaonyesha ulio wake, na wagonjwa wote walikuwa wanaonyesha unaocheka. Mama akaenda nao Kamsamba, akamwona mzee mmoja anaonyesha uso unaocheka na mkono wa pili umekamata ubao wa kitanda mpaka vidole vimebadilika rangi. Aliporudi akamwambia Muuguzi Anyosisye, kiongozi wa timu, kwamba hapa kwetu mtu anakufa huku anajibu sijambo, mgeni amesimama mlangoni na koti jeupe, nani atamlilia mgeni, msimuulize anajisikiaje, muulizeni amefika wapi.

Akachora njia. Kitanda, mlango, uani, bombani, sokoni, mpakani, vituo sita kwenye kadi moja, bila herufi hata moja, kila siku mgonjwa anaweka nukta pale miguu yake ilipomfikisha, na ofisini akapaka ubao mkubwa, kila mgonjwa na mstari wake, ili timu kabla ya kupanda pikipiki ione nani wiki iliyopita alifika sokoni na wiki hii amerudi uani, iende kwake kwanza. Ilimchukua mwaka mzima, mara ya kwanza aliweka vituo vingi watu wakachanganyikiwa, mara ya pili alitumia nyekundu na familia zikageuza kadi ukutani, ndipo akaweka bluu tupu. Na aliwafundisha wauguzi jambo moja, mstari ulionyooka sana usiuamini, mgonjwa hatembei kwa rula.

Sasa nafika kwenye hofu. Tarehe 11 Novemba 2014 mama aligundulika ana saratani ya shingo ya kizazi, akapelekwa Dar es Salaam kupigwa mionzi kuanzia Januari hadi Machi mwaka huu, akarudi, na yeye mwenyewe akajichukulia kadi. Mwezi Juni nukta zake zote zilikuwa bombani, Julai zote bombani, na mimi niliyelelewa na mashaka yake nikaanza kutazama, pale bombani kuna tope jekundu mwaka mzima, ndala zake zilikuwa kavu na safi chini ya kitanda, na nukta za siku saba zilikuwa na wino uleule, zimepangwa sawasawa kama shanga. Mama alikuwa anatudanganya kwa kadi aliyoichora mwenyewe.

Jumatatu tarehe 3 Agosti nilianza kadi ya pili kwa siri, nikaweka nukta kitandani, kesho yake kitandani, keshokutwa mlangoni, halafu kitandani tena, siku ya tano nikaipeleka kwa Muuguzi Anyosisye, na siku hiyohiyo ililetwa dawa ya maji ya maumivu. Mama alikasirika, akaniambia, “Kumbe nimezaa askari kanzu,” hakusema nami siku mbili, siku ya tatu akalala usingizi mzima, alipoamka akaomba uji, akaniuliza jana nilimweka wapi, nikamwambia mlangoni, akasema, “Haya, hapo sawa.” Kuanzia hapo kadi tulijaza pamoja mpaka Jumapili iliyopita, tarehe 6 Septemba, saa nne asubuhi, alipotutoka akiwa nyumbani, hana maumivu.

Nasikia inavyosemwa. Inasemwa mama alikuwa anawapunguzia watu njia, kwamba ukichorwa kitandani huinuki, na mimi nilimchora mama kitandani mwezi mmoja baadaye amekufa, kwa hiyo mkono wangu ni ule ule wake, na huyu niliyembeba ataurithi. Shangazi Ruti, dada wa baba, nakuheshimu, umesema mbele ya wazee kadi zote zishuke naye kaburini leo, na jana jioni nimekuta ndoo ninayotunzia kadi za wagonjwa, zinazoletwa kwetu kila mwisho wa wiki kabla ya kuhamishiwa ubaoni, mfuniko umefungwa upande, simtaji mtu kwa sababu sikumwona, ila kadi nilizihesabu mara mbili na tangu hapo mtoto huyu sijampa mtu yeyote ambebe.

Shangazi, kadi zile ni za watu kumi na mmoja, wako hai, wawili wamekaa hapa wananisikiliza, mmoja leo amefika sokoni, na tukizifukia, Jumatatu timu haitajua imwanze nani. Leo alfajiri nimezikabidhi kwa Muuguzi Anyosisye, zimeshaondoka. Kadi aliyoijaza mama mwenyewe, ile iliyonyooka, nimeiweka kwenye jeneza chini ya mkono wake, maana ndivyo alivyotaka tumwone, na ile tuliyojaza wote wawili inabaki ofisini kwenye ubao wake, na kama kuna wa kulaumiwa kwa nukta zake ni mimi, siyo mtoto wangu.

Tunawashukuru madaktari wa Mbeya na wa Dar es Salaam, timu nzima ya kituo cha afya, Mama Mwasiti aliyemfulia mama mashuka tangu Julai bila kuombwa, kanisa, majirani wote, na hata ninyi mliokuja na mashaka yenu, maana mama angewaelewa kuliko mtu yeyote.

Mama, leo hakuna wa kukuuliza umefika wapi. Pumzika, amani iwe nawe.