Mama Kalista, Msindikizaji Wetu, Anarudi Mbinga

Baada ya miaka kumi na mitatu ya kuwasindikiza wenzake hospitalini, Mama Kalista Ndunguru anastaafu rasmi tarehe 30 Mei mwaka huu. Kazi hii aliianza hapa Guangzhou bila barua ya ajira, bila kitambulisho na bila kiti, na anaimaliza akiwa Mratibu wa Usindikizaji wa kikundi chetu cha afya, Tusindikizane. Kitambulisho alipewa mwaka jana. Hakukipenda, alisema picha imemzeesha.

Kwa wageni watakaosoma jarida hili siku ya sherehe ya kustaafu kwake, sisi ni kuchu, ndivyo tunavyojiita wenyewe: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na wale waliozaliwa wakaitwa wavulana kumbe ni wasichana, au wasichana kumbe ni wavulana. Wengi wetu tulikuja China kununua nguo na simu za kupeleka nyumbani, tukakuta hata huku tunaumwa kama watu wengine, ila tunaogopa hospitali kuliko watu wengine. Nimepewa mimi, Teddy, kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimefanya kazi naye muda mrefu, na kwa kuwa Cyrus, aliyetakiwa kuandika, amedai ana mzigo bandarini Huangpu. Hana mzigo wowote Huangpu.

Mama Kalista ni mtu wa Mbinga, fundi cherehani tangu ujana. Alikuja huku kununua jinzi za Xintang, akaona ana jicho la biashara, akabaki. Miaka mingi kazi yake ya mchana imekuwa kuwaongoza wanunuzi wageni katika maduka ya jumla ya Zhanqian, akiwakagulia zipu na kubishana na laoban, yaani wenye maduka, mpaka laoban wenyewe wakazoea kumwita mama. Katika yote hayo yuko na Yustina, muuza vitambaa, ambaye majirani wa Mbinga wanamjua kama dada yake. Sisi tunamjua kama mwenzi wake, na kama mtu pekee duniani anayeweza kumwambia Mama Kalista anyamaze.

Lakini kazi tunayoiheshimu leo ilianza na Nahla.

Nahla alitoka Unguja kununua mabuibui ya kwenda kuuza Darajani. Ni mwanamke, ila pasipoti yake inasema vingine, na jina lililomo humo sitaliandika kwa sababu si lake. Siku zile alikuwa akimeza vidonge vya homoni alivyojinunulia kwa mtu asiyemjua, dozi akiikisia kama anayetia chumvi mchuzini. Kipindi cha joto mguu wake wa kushoto ukavimba, ukaiva wekundu, ukawa unauma hata shuka likiugusa. Mama Kalista alipouona alisema twende hospitali sasa hivi. Nahla akasema bora afe.

Na hakuwa anatania. Katika hospitali tuliyoweza kwenda, wagonjwa waliitwa kwa kipaza sauti, kwa majina ya pasipoti, mbele ya ukumbi uliojaa wafanyabiashara wa nyumbani. Nahla angeitwa jina la kiume, angesimama na mtandio wake kichwani, na kabla hajafika kwa daktari habari ingekuwa imeshatua Unguja. Mama yake mzazi angeyasikia mambo ya mwanawe kwenye vinywa vya watu. Kwa hiyo alikuwa amelala chumbani kwake na mguu juu ya begi la mzigo, akisubiri upoe wenyewe.

Mama Kalista hakubishana naye. Aliingia jikoni. Akapika makande, akajaza chai kwenye chupa, akachukua mto wa kuegemeza mguu, kisha akatukusanya sote: Yustina, Cyrus, mimi, na Nahla mwenyewe tukiwa tumemshika huku na huku. Kwao Mbinga, alituambia, mgonjwa hapelekwi hospitali na mtu mmoja utadhani anatumwa dukani. Tukaenda tukajaza benchi zima. Watu wa Guangzhou wanakwenda hospitali kila mtu kivyake na simu yake masikioni, kwa hiyo walitutazama kweli kweli, sufuria la makande likiwa katikati.

Na kama ilivyo bahati ya Nahla, Abdulhadi alikuwepo. Abdulhadi ni wakala wa mizigo, mtu wa Malindi ya Unguja, jirani kabisa wa mjomba wake Nahla, na siku hiyo alikuwa amemleta mwanawe mwenye kikohozi. Alitusalimia vizuri tukamwitikia. Nahla alivuta mtandio mpaka puani, akaninong'oneza kwamba anaondoka. Palepale kipaza sauti kikaliita lile jina.

Mama Kalista akasimama. Akanikanyaga, nami nikasimama. Cyrus akasimama, Yustina akasimama na sufuria lake, na Nahla akasimama katikati yetu, tukaenda dirishani kundi zima tumemzunguka kama bibi harusi. Katika ukumbi ule hakuna aliyeweza kujua ni nani kati yetu aliyeitwa. Nesi Mai, ambaye leo ni rafiki yetu na atakuwepo kwenye sherehe, alitukodolea macho akauliza mgonjwa ni yupi. Kichina cha Mama Kalista wakati ule kilikuwa cha sokoni tu, neno la mgonjwa hakulijua. Akajibu, "Yiqi," yaani pamoja, neno analolitumia akitaka mizigo ya wateja wake ifungwe robota moja. Nesi Mai akasema anataka mtu mmoja. Mama Kalista akarudia yiqi, kwa sauti ileile anayoitumia kwa laoban anayemletea ujanja. Nesi Mai akautazama mguu wa Nahla, akamtazama usoni, akaifunga pasipoti na kutufungulia mlango sote.

Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Daktari alisema kama Nahla angeendelea kulala chumbani, lile bonge lingepanda mpaka kwenye mapafu. Akalazwa, akatibiwa, akaandikiwa homoni za kumfaa, zinazopimwa na kufuatiliwa kama inavyotakiwa. Mama yake mzazi aliyasikia mambo haya baadaye sana, kutoka kwa Nahla mwenyewe, siku Nahla alipokuwa tayari. Nasema wazi, bila Mama Kalista tungekuwa tumeshamzika Nahla, na mimi furaha ya kuandika hivi nisingekuwa nayo.

Kuhusu Abdulhadi, inabidi nieleze maana wengi mnauliza. Tulipotoka alitufuata akauliza kwa huruma ni nani anayeumwa. Mama Kalista hapendi kusema uongo, basi akamjibu, "Baba, tunaumwa sote." Abdulhadi akaelewa kwamba tumekula chakula kibaya. Kufika alasiri habari ilikuwa kwenye kundi la simu la wafanyabiashara, watu wakituombea dua, na magharibi mkewe, Bimkubwa, akatuletea uji wa pilipili manga, sufuria zima, pamoja na nasaha ya kuacha vyakula vya barabarani. Uji ulikuwa mtamu mno. Mpaka leo Abdulhadi akiniona Zhanqian ananiuliza hali ya tumbo, na mimi namwambia linaendelea vizuri, alhamdulillah.

Tangu siku ile kusimama wote kukawa utaratibu wetu. Akiitwa kuchu mmoja tunanyanyuka kumi, na vyakula vyetu. Nesi Mai alivumilia, akavumilia, mwisho akaenda kwa wakubwa zake kuomba wagonjwa waitwe kwa namba badala ya majina. Ilichukua muda mrefu na vikao vingi, na yeye hakuchoka kuwakumbusha. Leo pale wanaita namba kwa kila mtu, Mchina na mgeni, na wenyeji wanaoficha maradhi yao kwa sababu zao nao wamefurahi. Mama Kalista anasema ulikuwa ushindi wa jamii. Nesi Mai anasema alichoshwa na harufu ya makande.

Baada ya hapo kuchu wenyeji wa mji huu walitupatia chumba chao Xiaobei, tukaanza kupimana damu, kugawa dawa za kinga na kumleta daktari anayezijua homoni. Wao wanatufundisha namna ya kuongea na hospitali, sisi tunawafundisha kula. Sheria ya Mama Kalista humo chumbani ni moja: hakuna kusomewa majibu na tumbo tupu. Nimewaona watu wakila ubwabwa huku wanatetemeka, lakini wanamaliza sahani, na anayepewa habari nzito anakuwa ameshakaa kati ya watu.

Siwezi kuliacha suala la Xintang, ingawa Cyrus ameniomba niliache. Cyrus ni mwanaume, na kama wanaume wengi waliozaliwa wakaitwa wasichana alikuwa akijifunga kifua kwa bandeji mpaka mbavu zikawa zinamuuma na pumzi haishuki. Mama Kalista akasema hilo ni jambo la fundi. Akamtafuta fundi wake wa siku zote kule Xintang, mama mmoja hodari sana, akamchorea vazi la kubana kifua bila kuumiza. Alisahau jambo moja tu, kumwambia kitambaa. Yule mama maisha yake yote ameshona jinzi, na jinzi ndiyo aliyoshona: kipande kizito, mishono ya njano, na kijimfuko ubavuni. Cyrus alilivaa asubuhi kwa heshima. Mchana akaangusha funguo akashindwa kuinama kuziokota, ikabidi amwombe mpita njia. Mavazi yaliyofuata yalishonwa kwa kitambaa cha kuvutika na yanapumua, na yamewafikia ndugu zetu wengi. Lile la jinzi limetundikwa chumbani Xiaobei, na wageni wataliona siku ya sherehe.

Sasa nije kwenye kustaafu kwenyewe, maana kumekuwa na vituko.

Mama Kalista alituambia zamani kwamba ataondoka siku Nahla atakapoingia hospitali peke yake, kichwa juu, bila kumhitaji mtu. Si kabla. Yustina alikubali, akaanza kusubiri. Nahla anatakiwa kupimwa damu na homoni kila baada ya miezi mitatu, na kila tarehe ikifika anapiga simu: Mama, leo roho inaniruka, nisindikize. Mama anavaa viatu. Majina hayaitwi tena, manesi wote wanamwita Nahla, lakini roho bado inamruka. Huko nyumbani Mbinga mibuni ya Yustina, miti yake ya kahawa, inazeeka, yeye anaiona kwenye picha tu anazotumiwa na shangazi.

Mwezi wa pili mwaka huu Mama Kalista alishikwa na mafua makali, akanituma mimi nikamsindikize Nahla. Nilimtangulia kufika. Nesi Mai akaniuliza kwa mshangao nimefuata nini, kwa sababu Nahla huwa yuko pale kila wiki, na ni miaka sasa. Anakuja na wageni wapya, wasichana wa Mombasa, wa Kinshasa, anawatafsiria, anagombana na maabara kwa niaba yao, anawapeleka nyumbani. Peke yake, kichwa juu kuliko twiga. Roho ilikuwa inamruka tarehe za Mama Kalista tu.

Nikamwambia Yustina. Yustina akaenda kumwambia Mama Kalista jikoni, na Mama Kalista, akikoroga sufuria bila kugeuka, akajibu kwamba anajua. Alijua muda wote. Na yeye hakutaka kuondoka. Yustina alizima jiko, akawaita mezani wote wawili, Mama Kalista na Nahla, akawaambia maneno ambayo jarida hili halitayachapa. Tiketi zilikatwa siku hiyohiyo.

Nahla alikubali kwa mdomo, ila wiki zilizofuata alikuwa hasemi na mtu. Tulianza kuogopa kwamba Mama Kalista akimwona hivyo ataahirisha tena, na Yustina naye alianza kuogopa.

Jumapili iliyopita tulikuwa na chakula cha mchana cha kumuaga. Katikati ya kula, simu ya kikundi ikalia pembeni ya sahani ya Mama Kalista. Nahla akawahi kuichukua. Alikuwa msichana mmoja yuko kituo cha treni cha Sanyuanli, analia, ana homa, amefika nusu ya njia ya hospitali na miguu imegoma. Mama Kalista alikuwa tayari anatafuta viatu chini ya meza kwa vidole. Nahla akamwekea mkono begani akamwambia, "Mama, kaa. Chakula kinapoa." Kisha akasema kwenye simu, "Usiende popote, mpenzi wangu. Nakuja, tena siji peke yangu." Akamnyooshea Cyrus kidole, akaninyooshea mimi, tukaacha sahani zetu. Yule msichana anaendelea vizuri, dawa anatumia, na jana kala sahani mbili.

Tuliporudi tulimkuta Mama Kalista amekaa palepale, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Yustina alituambia kwamba alilia sana, halafu akacheka, halafu akasema basi, sasa twende tukaione hiyo mibuni.

Mama Kalista, asante kwa kila benchi ulilokaa na sisi, na kwa kila mtu aliye hai humu kwa sababu ulikataa kumwacha nyuma. Asante Da' Yustina kwa kutuazima Mama miaka yote hii na kutusamehe. Nendeni salama. Tunawaombea maisha mema nyote wawili, afya, mvua za wakati na kahawa iliyoiva vizuri. Mkitukumbuka pigeni simu ya kikundi. Atapokea Nahla.