Tairi Bovu Hulazwa: Kumuaga Mzee Jagjit Bhamra

Ijumaa hii, tarehe 27 Oktoba 2006, Mzee Jagjit Bhamra anavua ovaroli baada ya miaka ishirini na saba katika karakana yetu ya magari ya mbio hapa Aston. Nimeombwa niandike maneno matamu kwa jarida la wafanyakazi. Matamu yapo, nitayasema. Lakini nimekasirika, na hilo nitalisema pia.

Mzee alizaliwa Nakuru na huko ndiko alikojifunza kuziba pancha. Alipofika kwetu alikuta mafundi wakipima matairi kwa macho. Yeye akaja na futi ya kushonea ya mkewe, akawa anazungushia kila tairi, maana hata tofauti ndogo ya ukubwa hulivuta gari upande. Walimcheka mpaka basi. Gari lilipoanza kushinda, kila mtu akataka futi yake.

Mwaka 2003 tulimtafuta nusu saa nzima, kumbe kajilalia katikati ya rundo la matairi, kilemba tu ndicho kinachoonekana. Alipoamshwa alidai alikuwa anakagua kwa ndani.

Asiyejua mbio za uwanja wa duara aelewe hivi: gari linakata kushoto tu, mizunguko mia, kwa kasi ya kutisha, na tairi la mbele kulia ndilo linalobeba mzigo. Likipasuka, dereva anakutana na ukuta. Kwa hiyo Mzee alituwekea sheria moja: tairi zima linasimamishwa, tairi bovu linalazwa. Hakuna karatasi, hakuna kuulizana. Gari likiingia kubadilishiwa, unanyakua lililosimama na kufunga.

Sasa Jumapili ile ya mbio, mwezi wa tisa. Wadhamini walikuwa wanakuja kupiga picha. Meneja wetu mpya, miezi minne tu kazini, akaona matairi yamelala, akasema mahali panafanana na jaa la taka. Akaamuru yote yasimamishwe, yapangwe mstari mmoja. Mzee hakuwepo, alikuwa ameitwa kule mbele akatabasamu na wageni. Kabla hajarudi, gari likaingia, mafundi wakanyakua lililosimama. Mzunguko wa sitini na moja, tairi la mbele kulia likapasuka, na Anish, dereva wetu, akavunjika mguu mahali pawili.

Na ripoti ya meneja ikasemaje? Eti mpimaji wa matairi, kwa sababu ya umri, alisahau kukagua. Upuzi mtupu! Mtu amelipima tairi lile mara mbili, akalilaza kwa mikono yake mwenyewe, halafu aambiwe amezeeka? Hivi sasa wajukuu wake kule Acocks Green wanamuuliza kama ni kweli babu ndiye aliyemvunja Anish mguu.

Mzee hakujitetea. Alipoulizwa ni nani aliyesimamisha matairi, alisema hajui. Alijua. Nilikuwa nimemwambia siku iliyofuata ajali, nikilia, naye akanijibu, "Nyamaza, dada Nimo. Wewe una watoto wanne na unaihitaji kazi hii. Mimi naenda nyumbani."

Niliyeyasimamisha ni mimi, Nimo wa stoo. Sheria niliijua miaka sita. Nilimwogopa meneja, nikajiambia nitayalaza tena wageni wakiondoka, na gari halikunisubiri. Hasira yangu kwa meneja ni kubwa, lakini iliyo kubwa zaidi ni kwangu mimi niliyekaa kimya wiki tano huku mzee wa watu akibeba mzigo wangu.

Maelezo yangu nimeyaandika, nimeyatia sahihi, na tangu asubuhi yako mezani kwa wakurugenzi. Nakala nimempelekea Anish hospitalini. Wakitaka kunifukuza, wanajua stoo iko wapi.

Mzee Jagjit, asante kwa kila tairi ulilolilaza ili watu warudi kwao wazima. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kustarehe. Na wajukuu wakikuuliza tena, usiwajibu. Wape ukurasa huu wasome.