Katika Kumuaga Bwana Miraji, Aliyeipasua Sekunde

Mheshimiwa Diwani Harish, uliyeacha shughuli zako Harrow ukaja kukaa nasi. Mwenyekiti wa Bodi yetu, Bi Mardhiya. Maimamu na wachungaji, ambao leo mmekaa safu moja bila ya kuambiwa. Ndugu wageni waalikwa, wapangaji na wafanyakazi wa Jumuiya yetu ya Nyumba hapa Ilford. Nawe Bwana Miraji, unayestaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kuzitunza kompyuta zetu, pamoja na Bi Zahra mkeo: nawaamkia nyote kwa heshima.

Nimepewa dakika kumi. Wanaonijua wameshaanza kucheka, na wacheke tu.

Hivi, ndugu zangu, mmewahi kujiuliza sekunde moja ina ukubwa gani? Mie nina miaka sitini na moja, nimekuwa meneja wa ofisi hii muda mrefu, na hadi majira ya kuchipua mwaka jana nilidhani sekunde ni kitu kidogo sana, kitu cha kupepesa jicho na kusahau. Wallahi nilikuwa sijui kitu.

Mnajua utaratibu wetu. Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, ukurasa wa nyumba zilizo wazi unafunguliwa kwenye mtandao, na anayetangulia kuomba ndiye anayetangulia kufikiriwa. Kila ombi likiingia, seva yetu inaliandika kwenye daftari lake, ambalo Bwana Miraji na wenzake wanaliita logi: nani kaomba, kaomba nini, saa ngapi. Na ile saa, siku hizo, iliishia kwenye sekunde.

Mwezi wa Machi ikapatikana nyumba ya vyumba vitatu. Akaipata Bi Armelle, mama wa watoto watatu waliokuwa wakilala chumba kimoja, anayefanya kazi ya kuwatunza wazee. Baba mmoja akaja juu. Akasema yeye alibonyeza saa tatu kamili, na kwamba Armelle kapendelewa, kwa sababu anaimba kwaya moja na karani wetu wa mgao, Bi Keren. Nikasema, haya, tutaona.

Nikaichapisha logi. Mie, jamani, nimelelewa na daftari la foleni: mtu anafika, anaandika jina, na aliye juu ndiye aliyetangulia. Nikachukua rula na kalamu nyekundu. Maombi arubaini na moja, yote yameandikwa saa tatu, dakika sifuri, sekunde sifuri. Yule baba mstari wa tisa. Armelle mstari wa thelathini na mbili. Lakini kwenye orodha ya mgao, Armelle yuko juu yake! Na mwenye ruhusa ya kuigusa orodha ile ni mtu mmoja tu. Nikamsimamisha Keren kazi siku hiyo hiyo.

Alisimama mlangoni kwangu, mkoba mkononi. Akaniambia kwa Kiswahili chao cha Bukavu, "Papa Jaffar, miye siko mwizi." Nikamjibu kwamba karatasi haisemi uongo. Mungu anisamehe.

Wiki tisa, ndugu zangu. Wiki tisa mama huyu alikaa nyumbani, kanisani watu wakihama viti, na habari ikawa imefika Bukavu kwa simu kabla ya barua yangu kumfikia hapa Ilford. Ilikuwa imebaki kikao kimoja tu afukuzwe kabisa.

Ndipo akaja Bwana Miraji. Mnamjua, hagongi mlango, anakohoa. Akaitazama karatasi yangu na mistari yake myekundu, akasema, "Bwana Jaffar, hapa umesoma nini?"

"Nimesoma foleni," nikamwambia.

"Hii si foleni. Seva inaandika saa uliyoingia, na orodha ya mgao inafuata kuingia, lakini mstari wenyewe wa logi inauandika ukishahudumiwa, unapotoka. Armelle alituma ombi pamoja na picha za hati zake, kwa simu. Anaweza kuwa kaingia wa kwanza akatoka wa mwisho."

"Nionyeshe."

"Siwezi. Watu wote arubaini na moja wamo ndani ya sekunde moja, na logi haioni ndani. Nipe ruhusa niipasue."

Nikamcheka! Nikamuuliza ni nani mwenye haja ya kujua sekunde ina vipande vingapi. Aliniomba mara tatu, nami mara tatu nikamkatalia, mpaka akanipita akaenda kwa Bi Mardhiya. Akaruhusiwa. Akabadilisha mstari mmoja tu katika mipangilio ya seva, kazi ya dakika tano, na tangu siku hiyo kila ombi likawa linaandikwa kwa saa, dakika, sekunde, na tarakimu sita zaidi. Sekunde moja, ndugu zangu, vipande milioni moja!

Jumatatu ya kwanza iliyofuata tukakaa sote mbele ya skrini. Saa tatu ikagonga. Ile sekunde ya kwanza ikafunguka mbele ya macho yetu. Mstari wa kumi na moja uliingia kwenye kipande cha elfu themanini na moja. Mstari wa ishirini na tisa, chini kabisa, uliingia kwenye kipande cha elfu kumi na mbili! Wa chini kamtangulia wa juu, tena si mmoja, walikuwa kumi na wanne. Bi Mardhiya alivua miwani akasema, "Subhanallah." Mchungaji Telesphor, mjumbe wetu wa Bodi, alisogeza kiti karibu na skrini. Tulikuwa tunawaona watu, kila mmoja na mahali pake, ndani ya kitu ambacho mie nilikiita kufumba na kufumbua.

Nikamuuliza Miraji, "Kwa hiyo Armelle alikuwa wa ngapi mwezi wa Machi?"

"Hatutajua kamwe," akasema. "Vipande vya siku ile havikuandikwa. Ninachojua ni kwamba karatasi yako haijui pia."

Keren akarudi kazini. Lakini barua niliyomwandikia ilisema "ushahidi haukutosha", na nyote mnajua maneno hayo yanavyomwacha mtu. Yanamwacha nusu mwizi. Nami nikanyamaza nayo mwaka mzima, kwa kiburi tu.

Wiki iliyopita nilimuuliza Bwana Miraji anataka tumuage kwa zawadi gani. Akanitazama, akakohoa. "Mwandikie upya yule mama," akasema. "Halafu usome mbele za watu."

Bi Keren, Mama Aristote, nakuona pale nyuma. Tafadhali simama.

"Kwa Bibi Keren. Tuhuma niliyokutwika haikuwa na msingi tangu siku ya kwanza. Hakuna ushahidi uliopungua, kwa sababu hapakuwa na ushahidi. Kulikuwa na mtu asiyejua kusoma alichokishika, akakataa kufundishwa, na mtu huyo ni mie. Nakuomba radhi. Jaffar, Meneja."

Nakala ni tatu. Moja yako, moja ya kanisani, na moja nimeituma kwa mama yako Bukavu.

Bwana Miraji, ahsante. Nanyi nyote mlionivumilia hadi hapa, ahsanteni sana.