Chemchemi Aliyoikausha Ntate Tlali Ramohapi

Ndugu waombolezaji, ukoo wa Ramohapi unawasomea safari ya baba yetu, Ntate Tlali, aliyezaliwa Mafeteng tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mchimba migodi, akasoma hukohuko hadi sekondari, na mwaka 1979 akaingia chuoni kusomea uhandisi wa maji.

Mwaka 1982, yeye na wenzake wanne walifunga pampu ya dizeli kwenye chemchemi ya kijiji hiki cha Ha Mphutlane, ndio mradi wao wa kumaliza masomo, maji yakaruka juu kuliko mapaa, wakapewa alama za juu, wakaondoka wakiimba, wala hakuna aliyerudi kuutazama.

Alifunga ndoa na mama yetu, 'M'e Mamosa, tarehe 6 Oktoba 1984, wakajaliwa Mosa mwaka 1986 na Katleho mwaka 1990, na Agosti 1991 alimleta mkewe hapa kumwonyesha kazi ya ujana wake, akakuta chemchemi imekauka kwa kunyonywa na pampu ile, matete yamekufa, na bomba linapumua, likivuta hewa na kuitoa ikiwa baridi.

"Mlifaulu lakini, mwanangu?" alimuuliza 'M'e Malineo, mwenye shamba la jirani. "Maana hilo mlilotuachia linakoroma kama mgeni asiyetaka kuondoka."

Mwaka 1992 akawa mhadhiri, akaweka utaratibu kwamba mradi wa mwanafunzi hausahihishwi mpaka upite majira matatu ya baridi na wanakijiji wenyewe waukubali, na wanafunzi waliponung'unika, "Ntate, tutahitimu na mvi," aliwajibu, "Zichaneni vizuri, kuna picha." Kila darasa alilileta hapa kujenga kuta za mawe mlimani, kuziba makorongo na kupanda matete, na kila Agosti alilaza sikio kwenye bomba, kisha akaandika daftarini neno moja, "Bado," mara thelathini na moja.

Novemba 2022 kifua kilianza kumsumbua, akalazwa Maseru, na wiki ya mwisho 'M'e Mamosa alitoka wodini akasema pumzi ile ya mumewe aliwahi kuisikia ikitoka ardhini. Ntate Tlali alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 3 Julai 2023, na asubuhi hiyo, kwa ushuhuda wa 'M'e Malineo, bomba lilinyamaza.

Jana wanafunzi wake walichimba kaburi hapa kijijini, ardhi ikiwa ngumu kwa barafu, na walipofika kina cha kifua shimo likajaa maji, wakasogea juu mlimani, likajaa la pili, la tatu tu, juu ya kuta zote, ndilo lililobaki kavu. Mashimo yale mawili hayatafukiwa, 'M'e Malineo ameonja maji yake akasema yaachwe, na maji ya kunawa mikono baada ya mazishi yatatekwa humo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ha Mphutlane, wahadhiri wenzake, na vijana walioshika majembe bila kuulizana kitu.

Lala salama, Ntate Tlali, hapo juu pakavu.