Mapepo ya Msitu wa Mlimani

Kwenye treni ya asubuhi, mama mmoja fundi cherehani alijifanya amelala, lakini sikio lake lilikuwa macho. Mbele yake mchungaji alikuwa akimsimulia abiria mwenzake alivyoyakemea mapepo ya msitu wa mlimani mpaka yakatoka mbio.

“Tulipata habari, Mchungaji,” akasema yule mtu, ambaye kucha zake zilikuwa nyeusi tititi. “Sisi wachoma mkaa tulikushukuru mno. Tangu enzi za mababu hakuna aliyethubutu kutia shoka mle.”

Mchungaji akakohoa. Mama fundi akafumbua jicho moja, maana kikohozi kile hakikuwa cha mafua.

“Na leo safari ya wapi?” akauliza mchoma mkaa.

“Naenda kuwaombea watu wa bondeni. Chemchemi yao imekauka.”

“Si ndiyo ile iliyokuwa ikitoka msituni? Hata mke wangu alikuwa akichota hapo.” Mchoma mkaa akateremsha sauti. “Mchungaji, mimi shoka nimeliweka chini, lakini wenzangu hawasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Hayo mapepo hayawezi kuitwa yakarudi? Hata mawili tu?”

Treni ikafunga breki. Mchungaji akaanza kuitafuta Biblia yake, na huku ameishika mkononi.